Taa ya kutestia, multimita, Power Probe au kitafuta waya: hela ikiwa ya kifaa kimoja uanze na kipi

Gari langu lilikuwa na tabia ya kuunguza fyuzi ya taa za nyuma, na sio kila siku, ingekuwa kila siku ingekuwa afadhali. Unakaa wiki nzima safi, af siku unatoka zako Mbagala saa mbili usiku dashibodi inaingia giza ghafla, spidi huioni, unasimama pembeni unazunguka nyuma unakuta taa zote zimezima na bodaboda anakutukana kwamba nusura akuvae. Fyuzi yenyewe ya ampea 10, ile nyekundu, kwenye kifuniko imeandikwa TAIL. Unaweka mpya inawaka, siku tatu nne inakufa tena. Fundi wa kwanza akaniwekea ya njano, ampea 20, akasema "sasa hii haiungui boss". Ni kweli haiungui yenyewe, utaungua waya, maana fyuzi imewekwa pale kuulinda waya, ukiweka kubwa kuliko iliyoandikwa basi waya ndo unageuka fyuzi. Niliitoa jioni hiyohiyo. Wa pili akataka kushusha dashibodi yote, siku mbili, nikaona hapana, ngoja ninunue vifaa nijifunze mwenyewe.

Tangu hapo nimetengeneza langu na ya majirani, na boksi langu lina vifaa sita. Viwili natumia kila mara, kimoja natumia kwa nadra ila siku hiyo kinaniokoa, vilivyobaki kwa kweli vingine nilinunua kwa mihemko tu. Watu wananiuliza nianze na kipi, na ukiwauliza mafundi kila mmoja anasifia alichonacho mkononi, kwa hiyo nimeamua kuviweka pamoja. Ila sitavilinganisha kwa bei, leo nikiandika bei kesho Kariakoo imeshabadilika. Nitavilinganisha kwa ugonjwa wa gari, hapo ndo kila kimoja kinajulikana uwezo wake.

Vyenyewe ni hivi, haraka haraka. Taa ya kutestia ni kale kadude kama bisibisi, ndani kuna kibalbu, mbele ncha kali, nyuma kuna waya wenye kibano. Kibano unabana kwenye bodi ya gari, yaani ethi, ncha unagusia waya, ikiwaka kuna moto, yaani umeme. Multimita kila mtu anaijua. Power Probe ni jina la kampuni lakini siku hizi za kampuni zozote tunaziita hivyohivyo: inabanwa kwenye betri kwa waya mrefu, mkononi unashika kitu kama kalamu nene, ukigusa waya wenye moto inawaka nyekundu, ukigusa ethi inawaka kijani, na ina swichi ambayo ukiisukuma huku inatoa moto pale kwenye ncha, ukiisukuma kule inatoa ethi. Kitafuta waya kina vipande viwili, kimoja unakifunga kwenye waya kinatuma ishara, kingine unapitapita nacho juu ya kapeti kinalia pale waya unapopita. Klampu mita inakumbatia waya na kukusomea ampea bila kukata kitu. Na skana, ile ya kuchomeka chini ya usukani inayosoma makosa kwenye kompyuta ya gari.

Tuanze na ugonjwa ambao mita inadanganya watu wengi, mimi nikiwemo. Jirani yangu feni ya rejeta ilikuwa haizunguki. Tukatoa soketi ya feni, nikaweka mita, volti 12.4 safi kabisa, ethi nayo ipo. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa kaka feni imekufa, akaenda Gerezani akanunua nyingine ya mtumba, tukaifunga, kimya. Nilitamani ardhi ipasuke. Kesho yake nikaja na taa ya kutestia, nikagusa sehemu ileile iliyonionyesha 12.4, kibalbu kikawaka kama kaa la sigara, wekundu tu kwa mbali. Tukafuata waya mpaka kwenye kona moja karibu na betri, kwa nje ganda zima halina hata mkwaruzo, ukiukunja ndo unasikia pako laini, tulipochana ndani shaba yote imegeuka unga wa kijani, zimebaki nyuzi kama mbili.

Kwanini mita haikuona? Kwa sababu mita nyingi za kawaida zina ukinzani wa megaomu 10 ndani, yaani ili kusoma volti inavuta umeme ambao hata hauhesabiki, na umeme mdogo kiasi hicho unapita hata kwenye uzi mmoja wa shaba kama unywele. Feni inataka ampea kadhaa, hizo nyuzi mbili haziwezi kuzibeba, ukiweka mzigo volti zinaporomoka. Taa ya kutestia yenye balbu ya wati 5 inavuta karibu ampea 0.4, sio nyingi, ila inatosha kuumbua waya uliooza. Ukitaka kuumbua zaidi chukua balbu ya breki ya wati 21, hiyo inavuta karibu ampea 1.75, au hedlaiti ya wati 55 ambayo ni ampea 4 na nusu hivi, unaiungia waya mbili na vibano, una kifaa cha kazi kwa hela ya balbu tu.

Hapa sasa ile habari ya LED. Dukani utakuta taa za kutestia za balbu ya kioo yenye uzi ndani na za LED, na muuzaji atakusifia ya LED kwamba haiungui na inaonyesha na namba. Kwa kutafuta waya uliooza ya LED ni sawa na mita, inavuta miliampea chache, itawaka vizuri tu kwenye waya mbovu. Sio kifaa kibaya, ina kazi yake nitaisema mbele, ila ukiambiwa "ni kitu kilekile" sio kilekile.

Power Probe kwenye kesi ya feni ingefanya kizuri kimoja ambacho hivi vingine haviwezi: unatoa soketi, unaipelekea feni moto moja kwa moja kutoka kwenye kalamu, ikizunguka unajua feni nzima, tatizo ni waya, na jirani yangu asingenunua feni ya pili. Hiyo ndo nguvu yake kuu, kuamsha kitu pale kilipo, pampu ya mafuta, honi, mota ya kioo, rilei. Lakini nikiwa mkweli waya mbili zenye fyuzi katikati kutoka kwenye betri zingefanya kazi hiyohiyo, kwa kujisumbua kidogo zaidi.

Halafu mita inalipa kisasi kwenye ethi mbovu. Huu ugonjwa mnaujua, ukiwasha indiketa taa ya breki nayo inacheza, au hedlaiti moja inawaka kama ina njaa. Taa ya kutestia itakuambia kuna moto, basi, haiwezi kukuambia ethi inakula volti ngapi. Mita inaweza. Washa taa yenye shida iwe inawaka, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye ethi ya ile taa palepale kwenye soketi. Ukiona 0.1 au 0.2 endelea na mambo mengine. Mimi nishawahi kukuta volti 2 na kitu, yaani volti mbili nzima zinapotelea kwenye nati moja yenye kutu chini ya taa, nikapiga msasa, nikakaza, kazi imekwisha. Na upande wa moto ni hivyohivyo, mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye waya wa moto unaoingia kwenye kifaa, kikiwa kinafanya kazi, ikizidi nusu volti kuna sehemu njiani imeoza. Kipimo hiki kinafanyika vitu vikiwa vimewashwa, mtu anayepima gari limezimwa anapima hewa.

Sasa shoti, turudi kwenye gari langu. Nilianza na mita, kama kila mtu. Unatoa fyuzi, unaweka mita sehemu ya mlio, mguu mmoja upande wa fyuzi unaokwenda kwenye taa, mwingine kwenye bodi. Ikalia! Nikafurahi, shoti hiyo hapo. Nikachomoa hiki na kile, bado inalia, siku nzima. Kumbe balbu ya taa ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo sana, ya wati 5 ikiwa inawaka ni karibu omu 29 lakini ikiwa baridi ni omu 2 au 3 tu, ukiwa na balbu kadhaa zimeungwa pamoja mita inaona kama waya umegusana na inalia. Nilikuwa nafukuza balbu nzima. Nilipotoa balbu zote mita ikanyamaza, na hapo ndo ikawa haina msaada tena kwa sababu shoti yangu ilikuwa ya kuja na kuondoka, na wakati mimi nimeshika mita yenyewe haipo.

Kilichonitoa ni balbu ya breki. Nilichukua fyuzi iliyoungua, nikavunja plastiki nikabaki na miguu yake miwili, nikaungia waya na ile balbu ya wati 21, nikaichomeka palepale penye tundu la fyuzi. Yaani balbu imekaa badala ya fyuzi. Ukiwa hamna shoti inakuwa imezima au inapumua kwa mbali kwa sababu ya vitaa vya dashibodi, shoti ikitokea inawaka kwa nguvu zote na hakuna kinachoungua, kwa sababu balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2. Nikaiachia ining'inie mahali ninapoiona, nikawasha swichi ya taa, nikaanza kutikisa waya. Chini ya usukani, kimya. Kwenye kizingiti cha mlango, kimya. Nikafungua mlango wa nyuma nitikise za kule, ile naunyanyua tu mlango balbu ikawaka pwaa. Nikashusha, ikazima. Nikanyanyua, ikawaka. Nilicheka peke yangu kama chizi pale uani. Kuna raba nyeusi iliyokunjwakunjwa inayopitisha waya kutoka kwenye bodi kwenda mlango wa nyuma, waya unaokwenda kwenye taa ya namba ganda limepasuka pale panapokunjwa kila ukifungua, shaba inaonekana, mlango ukifika kimo fulani shaba inalamba bati. Dakika kumi, baada ya wiki tatu za mita. Na ukiona gari lolote la mlango wa nyuma wa kunyanyua lina uchawi wa taa za nyuma, waipa au loku ya buti, anza na hiyo raba kabla hujagusa dashibodi ya mtu.

Kwenye shoti Power Probe haina maajabu. Ukisukuma moto kwenye waya ulioshika bodi ile yenye swichi ya kujikata ndani inakata, ya kampuni yenyewe, ile Power Probe 3, ina ya ampea 8, umejua kuna shoti, ulishajua kabla. Za bei poa sijui ndani zina nini, sitaki kujaribu kwenye gari la mtu.

Kitafuta waya ndo hapa watu wanaingizwa mjini, kwa hiyo niseme taratibu. Kuna vya aina mbili na kwa macho vinafanana. Cha kwanza ni kile cha mafundi wa intaneti na simu, kina tundu la kebo ya mtandao na vibano viwili, ni rahisi kupatikana. Kinafaa kujua waya unapita wapi na umekatikia wapi, unakwenda nacho kinalia weee mpaka panapokatika sauti inapotea. Ila waya lazima uwe umechomolewa pande zote, usiwe na moto, ukikibana kwenye waya wenye volti 12 unaweza kukiua. Na kwenye shoti kinashindwa kabisa, kwa sababu waya ukishagusa bodi ile ishara inamezwa na bati zima, kinakuwa bubu kila sehemu. Pia kwenye fungu la waya 40 zilizobanwa tepu pamoja waya wa jirani nao unalia, unabaki unabahatisha.

Cha pili ni cha magari hasa, kama ile EM415, imeandikwa kabisa kwamba ni ya kutafuta waya uliokatika na shoti, inakubali volti 6 mpaka 42 kwa hiyo hata lori inaenda. Hicho unakifunga kwenye laini yenye shida, kinatuma mkondo wa kudundadunda, mkondo unatembea kwenye waya mpaka palipo na shoti na kuingia kwenye bodi, ukipita pale na kipokezi ishara inabadilika. Ninacho. Kwenye kigari kidogo nimekitumia mara chache, kwa sababu gari lenyewe ni mita nne, sehemu za waya kuoza zinajulikana, kwenye milango, kwenye buti, karibu na injini, na popote mtu alipofunga redio au alamu. Lakini siku nimeitwa kwenye Hiace ya abiria, sakafu imetandikwa bati na mpira na viti vimekazwa kwa bolti zenye kutu, kile kidude kilinionyesha sehemu moja tu ya kufungua. Siku hiyo hela yake ilirudi. Kwa mtu wa mabasi, Fuso, trela, yaani waya mrefu uliofunikwa, ningemwambia anunue bila kufikiria. Kwa mwenye Passo, hapana.

Kuna njia moja ya zamani ya kitu hichohicho bila kununua chochote: unaweka flasha ya indiketa pamoja na balbu kwenye tundu la fyuzi, umeme wa shoti unakwenda kwa kukatakata, af unapita na dira ndogo kando ya waya. Sindano inacheza kila flasha inapodunda, ukishapita penye shoti inatulia. Inafanya kazi, nimejaribu kwa kujifurahisha, ila uwe na subira na usiwe karibu na spika, ina sumaku.

Betri kuisha usiku ni mchezo mwingine na hapa klampu inaingia. Gari likiwa limelala linatakiwa kuvuta kidogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50. Ukiwa na kitu kinavuta nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 kwa hesabu za karatasi inafika saa 90, ila stata itagoma mapema sana kabla ya hapo, siku mbili gari limelala. Betri yenyewe upime kwanza, iliyojaa na kupumzika ni volti 12.6, ukikuta 12.2 iko nusu, na injini ikiwa inazunguka uone kati ya 13.8 na 14.5, isipofika hapo usitafute kinachokula umeme wakati altaneta hailishi.

Kwa mita unachomoa hasi ya betri na kuiweka mita katikati, tundu la ampea 10. Inasoma vizuri kabisa ila ina mitego: ukisahau ukapiga stata umeua mita, ukifungua mlango kompyuta zinaamka, na magari mengine yanahitaji nusu saa na zaidi ndo yalale, ukisoma mapema utaona ampea 3 upige kelele bure. Mtego mbaya kuliko yote, zile mita ndogo za njano za DT830, soma pale kwenye tundu la 10A, zimeandikwa kwamba halina fyuzi. Maana yake ukisahau waya mwekundu kwenye tundu hilo af kesho ukaenda kupima volti za betri, umeunganisha chanya na hasi kwa kipande cha waya ulichoshika mkononi. Waya wangu mmoja una mabaka ya plastiki iliyoyeyuka, na kidole gumba kilikuwa na lengelenge wiki nzima. Ni ujinga wangu, ila mita yenye fyuzi ingenisamehe.

Klampu haina drama zote hizo, unakumbatia waya wa betri, unafunga milango, unakunywa chai, unarudi kusoma. Sharti iwe ya DC, yaani umeme wa betri! Klampu nyingi za bei ya chini zinasoma umeme wa nyumbani tu, kwenye gari zitakuonyesha sifuri mpaka uchoke. Na iwe inashuka mpaka miliampea, kama UT210E ambayo kwenye renji yake ya ampea 2 inasoma miliampea moja moja, ukiisifurisha kwanza palepale utakapopimia kwa sababu ukiigeuza tu namba zinacheza. Klampu ya ampea 600 ya mafundi wa viwandani haitaisoma miliampea 300 kwa uhakika. Na kama huna klampu bado mita inaweza bila kuchomoa kitu: weka kwenye milivolti, gusa vile vichuma viwili vinavyoonekana mgongoni mwa kila fyuzi ikiwa palepale ilipo. Fyuzi inayopitisha umeme inaonyesha vimilivolti kidogo, isiyopitisha ni sifuri. Unapita fyuzi zote dakika tano na gari halijaamka.

Kuhusu sensa na kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, naenda haraka maana hapa kinachotakiwa ni kujua usishike nini. Sensa nyingi zinafanya kazi kwa volti 5 na mkondo mdogo mno, taa ya balbu ukiigusisha pale unavuta mkondo ambao kontrol boksi haijazoea, unaweza kuiumiza. Hapo ndo mita na taa ya LED zina heshima yao. Power Probe ndo hatari kuliko vyote, kidole kikiteleza tu umepeleka volti 12 kwenye njia ya volti 5, nimeona gari limeingia gereji kwa taa ya chek injini likatoka kwa breki dauni. Soketi na waya za njano ni za eabegi, usiziguse na chochote, hata mita ya omu. Za rangi ya chungwa kwenye haibridi ni za volti za kuua mtu, hizo sio za kwetu mimi na wewe.

Skana inasaidia kujua uelekee upande gani, ila haijui waya umekatikia wapi. Ikikuletea namba ya kosa P0135 inasema laini ya hita ya sensa ya oksijeni ina shida, watu wanakimbilia kununua sensa, wakati inaweza kuwa fyuzi au waya uliolalia ekzosi ukayeyuka. Kale ka ELM327 ka bluetooth kanatosha kwa hiyo kazi. Na skana ikigoma kabisa kuongea na gari, mita inaingia tena: chomoa betri, pima omu kati ya pini 6 na 14 kwenye soketi ileile ya skana, gari lenye mfumo wa CAN, zile waya mbili ambazo kompyuta za gari zinaongelea, linatakiwa kuwa karibu omu 60. Ukikuta 120 kuna waya umekatika au kimoja cha vile vizuizi viwili vya mwisho hakionekani, ukikuta karibu na sifuri waya hizo mbili zimegusana.

Kwa hiyo nianze na kipi. Kama una hela ya kimoja na gari ni la kwako la kutembelea, nunua mita yenye fyuzi kwenye tundu la ampea 10, af taa ya kutestia usinunue, itengeneze kwa balbu ya breki na ile miguu ya fyuzi mbovu. Najua nimekwambia mita inadanganya, ndo maana nasema balbu iwe pembeni yake, hizo mbili pamoja zimenitatulia magari mengi kuliko vyote vilivyobaki ukijumlisha. Kama unaanza kazi ya ufundi umeme na wateja wanasubiri, Power Probe inaokoa muda, ila ije ya tatu, ukishajua rangi za waya na kazi ya kila pini. Sio utani, kwa mfano Toyota wanaandika L kwa bluu kwa sababu B ni nyeusi, na waya mweupe wenye mstari mweusi, W-B, kwa kawaida ni ethi, mtu asiyejua hilo nishamuona akiupelekea moto kwa kalamu yake mpya. Kwenye rilei 85 na 86 ni koili, 30 moto unaingia, 87 unatoka, hiyo iandike hata kwenye ukuta wa gereji. Klampu ya DC nunua siku utakayokutana na betri ya pili inayoisha usiku. Skana azima.

Ukifika dukani usikubali mita ya kufungiwa kwenye nailoni. Iwashe, iweke kwenye mlio, gusanisha waya zake zenyewe kwa zenyewe, ilie palepale bila kuchelewa, na kwenye omu isome sifuri na kitu isiyochezacheza ukizikunja waya pale zinapoingia kwenye plagi. Af mwambie akupimie betri ya pikipiki yake pale nje. Mimi ya kwangu ya sasa ilikuwa ya tatu kutolewa kwenye kabati, mbili za kwanza zilisoma betri ileile moja 12.5 nyingine 13.9 na injini imezimwa, muuzaji akasema hiyo ya pili ina nguvu zaidi.